Mafua ya Kusi: Mlinde Mchanga na Mzee Kwanza

Kusi likikaza, kati ya Juni na Agosti, nyumba nyingi za Malindi na Kilifi hufunga madirisha usiku na watoto hulala chumba kimoja. Mafua yakiingia, upepo ndio hulaumiwa. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu mgonjwa. Hata RSV, kirusi kinachotesa sana vifua vya watoto wachanga, Kilifi aghalabu huenea katika joto la kaskazi.

Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi walifuatilia familia zenye watoto wachanga mwaka 2009 na 2010. Waliona kwamba mara nyingi aliyeleta RSV nyumbani ni kaka au dada mkubwa, hasa anayekwenda shule. Hapo ndipo pa kuziba.

Kabla hajaugua mtu

Mtoto akirudi kutoka shule au madrasa, anawe mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kumbeba mdogo wake. Fungua madirisha mchana hewa ipite. Jiko la mkaa au kuni lisiwashwe katika chumba anamolala mtoto, kwani moshi huumiza mapafu.

Kamilisha chanjo za mtoto, ikiwemo ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011. Wajawazito, wazee na wenye pumu au kisukari waulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya homa ya mafua, ambayo hudungwa kila mwaka.

Akishaugua

Mgonjwa alale mbali na mchanga na mzee, akohoe kwenye kiwiko au leso, na awe na kikombe chake. Mama mwenye mafua aendelee kunyonyesha, maana maziwa yake yana kinga. Anawe mikono na avae barakoa.

Mgonjwa apumzike, anywe maji, madafu, supu au uji. Chai ya tangawizi na asali hutuliza koo, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1. Homa hushushwa kwa parasetamoli, kwa kipimo cha umri na uzito. Mtoto asipewe aspirini. Antibiotiki haziui virusi, kwa hivyo usizinunue bila kuandikiwa na daktari.

Usimfukize mtoto kwa sufuria ya maji moto, kwani ataungua. Pua ikiziba, tumia matone ya maji ya chumvi kutoka duka la dawa. Mafuta ya mwarobaini yasinyweshwe mchanga kabisa: ni sumu kwake.

Usingoje asubuhi

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Ni hatari zikifika 60 kwa wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akishikwa na degedege au midomo ikigeuka buluu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe hata bila dalili nyingine. Mtu mzima naye apelekwe akihema kwa shida, akiumwa kifua au akichanganyikiwa.

Saa ya simu yatosha kuhesabia pumzi. Mfundishe kila anayeachiwa mtoto: nyanya, shangazi na hata dada mkubwa.