Je, nitaleta kifua kikuu nyumbani?

*Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na nataka kusomea sayansi ya maabara. Mama hataki kusikia. Anasema nitaleta kifua kikuu nyumbani, na tuna mtoto mchanga. Nifanyeje?*
*Binti, Morogoro*

Mama yako haogopi bure, ila njia ya maambukizi siyo anayoifikiria. Bakteria wa kifua kikuu huambukiza kwa hewa, si kwa nguo wala kushikana mikono. Maabarani, hatari ni pale makohozi yanapotikiswa au kichupa kufunguliwa, vitone visivyoonekana vikaruka. Kwa hiyo kazi yenye hatari hiyo hufanyiwa ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa mbali nawe na kuichuja. Mtoto yuko hatarini iwapo wewe mwenyewe utaugua kifua kikuu cha mapafu. Hakikisha amechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu.

Kabla ya mafunzo ya vitendo, pata chanjo ya homa ya ini B. Koti la maabara libaki kazini. Usile kwenye meza ya maabara, wala usishike simu ukiwa na glovu (hili wanafunzi hawalisikii kabisa!). Ukijichoma sindano, osha kwa maji na sabuni, kisha toa taarifa papo hapo: dawa za kukinga VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu.

Kabla ya kuomba chuo, uliza Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya linasajili wahitimu wa kozi zipi. Shahada ya mikrobiolojia na ya maabara ya tiba si kitu kimoja.