Mafunzo ya Mtoto Huanza Nyumbani

Alfajiri, jua halijachomoza, wazazi wengi wa Kibera, Kawangware na Kongo huwa wamekwisha toka kwenda kutafuta riziki. Watoto wadogo huachwa kwa jirani au kwa mlezi wa kulipwa, na mzazi hurudi jioni amechoka. Kwa hiyo wako wasemao, "Mwalimu atamfundisha akifika shuleni." Neno hilo yafaa lifikiriwe tena.

Katika Kenya mtoto huingia chekechea akiwa na umri wa miaka 4, lakini akili yake haingoji siku hiyo. Mtoto afikapo miaka 3, ubongo wake umekwisha pata kiasi cha sehemu 4 katika 5 za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Hukuzwa kwa chakula bora na afya njema, na pia kwa maneno anayosemeshwa na michezo anayochezeshwa.

Jambo hili lilijaribiwa katika mitaa ya maskini ya mji wa Kingston, Jamaika. Katika miaka ya 1986 na 1987 walichaguliwa watoto 129, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waliodumaa kwa utapiamlo. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa 1 kila juma, kwa muda wa miaka 2. Mgeni huyo alimwonyesha mama namna ya kuzungumza na kucheza na mwanawe, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Baada ya miaka 20, mapato ya waliotembelewa yalizidi ya wenzao kwa sehemu 25 katika 100. Waliopewa maziwa ya unga peke yake hawakupata faida hiyo. Si kwamba chakula hakina maana, bali chakula peke yake hakitoshi.

Mzazi wa Kongo aweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Amenyapo viazi, na avihesabu kwa sauti, mtoto akifuatisha. Amwogeshapo, na ataje mkono, goti na kisigino. Vifuniko vikubwa vya mikebe, visivyoweza kumezwa, vyafaa kupangwa kwa rangi na kwa ukubwa. Na aseme lugha aijuayo vizuri, iwe Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kinubi au Kiswahili, kwa maana mtoto hujifunza zaidi penye maneno mengi. Usiku, taa ikiwashwa, hadithi na vitendawili ni masomo kamili. Wala kazi hii si ya mama peke yake. Baba naye ana sehemu yake.

Mtoto akiuliza, na ajibiwe, asikemewe. Mlezi naye asiulizwe tu, "Amekula?" bali pia, "Leo amesema nini?" Mtoto atimizaye miaka 2 bila kutamka maneno na apelekwe kliniki mapema, asingojwe.

Mzazi aliyechoka hana saa nyingi, lakini robo saa kila jioni haimshindi. Mtoto aliyezoea kusemeshwa na kusikilizwa nyumbani huingia darasani akiwa tayari kusikiliza, kuuliza na kujibu. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.