Namba Tasa

Holili ni mji wa mpakani, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambao kilele chake kina mita 5,895. Igawanye namba hiyo kwa 5, kisha kwa 3, kisha kwa 3 tena, utapata 131. Je, 131 nayo yagawanyika? Ijaribu kwa 2, 3, 5, 7 na 11. Kila mara pana baki. Hapana haja ya kuendelea, maana 12 mara 12 ni 144, nayo yapita 131. Basi 131 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba ya namna hii huitwa namba tasa.

Namba kubwa ina kazi kubwa. Mwaka 1644 Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alisema kwamba 2,147,483,647 ni tasa, lakini hakutoa uthibitisho. Kuijaribu yote kwataka kufika 46,340. Mwaka 1772 Euler, mtaalamu wa hesabu aliyekaa Urusi, aliithibitisha, naye alikuwa karibu kipofu kabisa. Kwanza alitambua kwa kufikiri vigawanyo visivyowezekana, akaviacha. Ndipo vilivyosalia vikajaribiwa.

Je, 143 ni tasa? Ijaribu kwanza, ndipo ujibu.