Jirani Mwenye Ualbino: Vidokezo vya Kuishi Naye Bila Vituko

Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Ulaya ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Kwa hesabu hiyo sisi ndio tungekuwa tumeshazoea, lakini bado akipanda daladala abiria wanageuza shingo. Huruma tunayo tele. Kinachopungua ni mipangilio midogo midogo: kivuli, kiti cha mbele, salamu inayotaja jina.

1. Ukienda kumwona mtoto mchanga mwenye ualbino, sema hongera.
Usiseme pole, hakuna aliyefiwa. Beba kile kile ulichompelekea mzazi wa mwezi uliopita: khanga, sabuni, unga wa uji. Ukitaka kuongeza, ongeza kofia pana. Na yule shangazi aliyeanza kuulizia ni mzungu gani alipita mtaani, mweleze taratibu: ualbino huu hutokea pale baba na mama wote wawili wanapobeba kinasaba chake, hata wakiwa weusi tii na hakuna anayejua. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne. Kwa hiyo baba anayefungasha virago kwa hasira akumbuke kwamba nusu ya alichokikimbia ametoka nayo.

2. Asipokusalimia, anza wewe.
Hapa ndipo majungu mengi ya mtaani yanapozaliwa. "Yule anaringa, nimempungia mkono kanikaushia." Hajakukaushia, hajakuona. Wengi wao wana uoni hafifu, na macho huchezacheza yenyewe bila kuamriwa. Miwani husaidia kiasi, haimalizi tatizo. Ukiwa ng'ambo ya barabara, kwake wewe ni shati tu linalotembea. Mkaribie, useme: "Shikamoo mama, ni mimi Juma wa dukani." Basi, yamekwisha. Kituoni pia, daladala ikifika yeye husoma kibao ikiwa imeshampita. Mwambie tu, "Hii inaenda Gongo la Mboto," bila kumshika mkono kama unamvusha mto.

3. Mwalimu, soma kwa sauti unachoandika ubaoni.
Mkalishe mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi machoni. Akisogeza daftari mpaka linagusa pua, mwache, ndiyo njia yake ya kusoma. Baraza la Mitihani huwakuzia maandishi watahiniwa wenye uoni hafifu. Sasa inakuwaje jaribio la Ijumaa liandikwe kwa chaki iliyofifia, halafu mtoto apewe sifuri kwa "uvivu"? Na yale matangazo ya mstarini yanayoanza saa moja na kufika saa tatu jua likiwa kali, mruhusu ayasikilizie chini ya mwembe. Wenzake wakilalamika kwamba anapendelewa, fupisha matangazo. Watafurahi wote.

4. "Dili" si utani.
Neno hilo analorushiwa njiani lina maana kwamba mwili wake una bei. Watu wameuawa na kukatwa viungo kwa imani hiyo, Kanda ya Ziwa hasa. Kijana wako akilitamka, mkemee hapo hapo, mbele ya wenzake waliocheka.

5. Kazi za juani zipangwe kwa saa.
Sitaki kusikia kwamba hawezi kulima, wakulima wenye ualbino wapo wengi. Ila aende shambani alfajiri, arudi kabla jua halijapanda, amalizie jioni. Kwa muuza mitumba, mwavuli ni sehemu ya mtaji. Bosi, kama una kazi ya stoo na kazi ya getini, hilo nalo linahitaji kikao kweli?

6. Mafuta ya mgando hayazuii jua.
Yanang'arisha tu. Anahitaji mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, na kuyapaka tena mchana. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kitengo kinachotengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nao hugawiwa kliniki. Nguo ziwe za mikono mirefu, kofia iwe ya ukingo mpana kuzunguka pande zote. Kapelo ni urembo, inaacha masikio na shingo vikiungua, na saratani ya ngozi hupenda kuanzia huko huko. Ukiona kidonda kisichopona shavuni mwake, mwambie leo, msindikize kesho. Na mwanamume anayejipaka losheni kwenye kijiwe cha kahawa asichekwe, anajipaka dawa.

7. Punguza mshangao.
Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimpigia kura Salum Barwany, mwenye ualbino, akawa mbunge wao. Kenya wana Mumbi Ngugi, naye mwenye ualbino, jaji wa Mahakama ya Rufani. Ukikutana na mhasibu mwenye ualbino, mpe risiti zako.

8. Nenda msibani kwake.
Bado wapo wanaoamini kwamba hawafi, hupotea tu. Wanakufa, wanazikwa, na makaburi yao yanahitaji wachimbaji kama mengine.

9. Mgeni akikuuliza nyumba ya yule mtoto, usinyooshe kidole.
Najua tulivyo, tunaelekeza mpaka mlango wa uani. Hapa zuia ukarimu. Muulize yeye ni nani, katokea wapi, ana shida gani, kisha mpigie mzazi, umpigie na balozi wa mtaa. Wapo wazazi waliowapeleka watoto wao wakaishi bweni la Buhangija, Shinyanga, kwa sababu nyumbani hapakuwa na usalama. Mtoto akicheza nje jioni, aliye barazani amtupie jicho, na zamu ya saa moja usiku mkubaliane ni ya nani.