Majilio: Kutayarisha Krismasi kwa Mikono Yetu

Somo la kusoma nyumbani: Luka 2:1–7



Tukisoma mlango wa pili wa Injili ya Mtakatifu Luka, twaona kwamba Krismasi ya kwanza ilianza kwa safari. Kaisari Augusto alitaka watu wahesabiwe, na kila mtu akaenda kuandikwa katika mji wa ukoo wake. Yusufu na Mariamu wakatoka Nazareti kwenda Bethlehemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, na Mariamu alikuwa mja mzito. Walipofika hawakupata nafasi, na Mtoto akalazwa katika hori.

Krismasi ya kwanza ya Masasi nayo ilikuwa ya wasafiri. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakaingia bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwapeleka mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Lakini walipofika Masasi waliipenda nchi, wakaomba wakae papo hapo. Desemba ikawakuta wangali wageni, mwezi mmoja tu au zaidi kidogo tangu kufika. Kwa hiyo sisi wa Masasi na Newala tukisema habari za safari ya Krismasi hatusemi jambo geni. Kanisa letu lilifika kwa miguu.

Siku hizi safari imekuwa nyepesi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mtu aliyetoka Dar es Salaam alisubiri kivuko cha mto Rufiji, na masika yakizidi alikwama njiani siku nyingi. Wengine walipanda meli hadi Mtwara au Lindi. Sasa basi likiondoka Dar es Salaam alfajiri, jioni watu wako Masasi. Lakini nauli haijawa nyepesi, hasa kwa mwenye watoto wanne, na mwezi wa Desemba kila mtu anataka kiti. Yafaa watoto wetu walioko mijini waandikiwe au wapigiwe simu sasa, Majilio yanapoanza, ili wakate tiketi mapema. Tena waambiwe neno moja wazi: wasiache kuja kwa sababu hawana zawadi. Tunawajua vijana ambao hawajaonekana nyumbani kwa miaka mitatu, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa aibu ya kuja mikono mitupu. Na bibi yao huketi barazani akitazama kila gari linalopita. Bibi huyo hakuomba kitenge.

Hapa ndipo penye jambo ambalo hatuna budi kulisema, ingawa si tamu. Krismasi yetu huja katikati ya msimu wa korosho. Watu wamekwisha kupeleka korosho ghalani, mnada umefanyika au unangojewa, na fedha bado hazijaingia. Sikukuu inabisha hodi. Ndipo anapotokea mtu wa kangomba na bakuli lake. Ananunua kwa kipimo hicho badala ya mizani, kwa bei anayoitaka yeye, au anatoa fedha leo kwa korosho zilizo bado mtini. Utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu mwaka 2007, shabaha yake moja ilikuwa kumwokoa mkulima na biashara hiyo, nayo imekatazwa. Lakini haijafa, na chakula chake kikubwa ni haja ya fedha za haraka, kama hizi za sikukuu.

Tumemfahamu mzazi mmoja aliyeuza kwa kangomba magunia mawili mwezi wa Novemba. Alinunua nguo mpya za watu sita, mchele, na karatasi za kung'aa za kupamba sebule. Sikukuu ilikuwa nzuri, hatusemi sivyo. Januari binti yake alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Hapakuwa na sare, viatu wala godoro. Alianza shule mwezi wa Machi, wenzake wakiwa wamekwisha kwenda mbali, na hesabu hakuzipata tena. Sisi tuliofundisha tunajua maana ya miezi miwili.

Wengine watasema: je, fedha zikichelewa tufanyeje? Ni kweli, huchelewa. Mwaka 2018 Serikali iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisherehekea Krismasi ile wakiwa bado wanangoja malipo. Hata hivyo watu walikwenda Misa, watoto waliimba, kuku walichinjwa. Mtu aliyezoea kutayarisha sikukuu kwa mikono yake hakuona tofauti kubwa sana.

Basi tuseme juu ya mikono. Zamani vyuoni, mwalimu hakupewa cheti bila kujua kazi za mikono, na kwetu ualimu huo unapatikana nyumbani. Akina mama wa Kimakonde hufinyanga vyungu bila gurudumu, na uchongaji wa Makonde unajulikana duniani. Itakuwa ajabu tukinunua nyota ya plastiki.

Tuanze na hori. Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyetengeneza pango la Krismasi huko Greccio mwaka 1223, ili watu wa kijijini waone kwa macho umaskini wa Bethlehemu. Watoto wetu wana shida yao: nchi hii ya mbung'o haikuwa na ng'ombe wengi, na wengi hawajapata kuona hori. Ukiwaambia wachore, huchora kitanda. Waelezeni kwamba ni chombo cha kulishia mifugo, na kwamba katika nchi ile hori nyingi zilichongwa kwa jiwe. Kwa hiyo hori ya udongo haiko mbali na kweli.

Udongo wa uwanda wetu una mchanga mno. Wa mfinyanzi hutoka bondeni, basi ombeni kwa mama anayefinyanga. Ukandwe vizuri, ulale usiku mmoja ndani ya kitambaa kibichi, kisha uchanganywe na vigae vilivyopondwa laini ili usipasuke. Sanamu zisizidi urefu wa kidole, maana zikiwa nene hupasuka. Zikaushwe kivulini, si juani, na kazi ianze Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwa kuwa mvua zikianza udongo huchelewa kukauka. Mariamu avikwe kipande cha kanga. Wachungaji wanaweza kuwa na sura za wazee wetu; hakuna sheria inayosema wawe Wazungu.

Nyota ni rahisi zaidi. Pasueni mwanzi, mpate fito sita zilizo sawa, fungeni pembetatu mbili, mpandishe moja juu ya nyingine kinyume. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo (panya huupenda, basi itundikeni juu). Karatasi za madaftari ya zamani hufaa. Lakini msiweke mshumaa ndani, hasa katika kanisa lililoezekwa nyasi. Tochi ndogo yatosha.

Kwa mapambo ya kanisa, hatuhitaji mti wa Ulaya. Mti ule wa maua mekundu, ambao wengi huuita mkrismasi, huchanua wakati huu. Makuti mabichi, yakisukwa, hupendeza mlangoni. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, aliona kwamba hata jando laweza kuingizwa katika maisha ya Kikristo; basi ukili na mwanzi havina neno. Ila tukumbuke kwamba Majilio ni majira ya zambarau. Kanisa lisipambwe kabla ya mkesha, na Mtoto asiwekwe katika hori mpaka Misa ya usiku. Watoto huuliza kwa nini hori iko tupu. Waacheni waulize.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni nani wa ukoo wetu ambaye hajarudi muda mrefu, na nani atampigia simu? Fedha za korosho zikiingia, ni kiasi gani kitatengwa kwa ajili ya Januari kabla ya kununua lolote? Na udongo tutauomba kwa mama yupi?