Udaktari Usio na Sindano

Mkuu wa Shule ameniomba niwaeleze wasomaji wa gazeti hili masomo ninayoyafuata sasa, yaani masomo ya shahada ya udaktari katika epidemiolojia. Nimekubali kwa furaha, maana wazee wetu nyumbani huniuliza kila likizo: "Udaktari gani huu usio na sindano wala dawa?" Swali hilo ni la haki, na wanafunzi wanaokaribia kuchagua masomo yafaa wajue jibu lake.

Tabibu humtazama mgonjwa mmoja. Mwanaepidemiolojia huwatazama watu wote, wagonjwa na wazima pia, akauliza: nani wanaougua, wapi, lini, na kwa nini hawa na si wale? Hesabu yake ya kwanza ni ya darasani. Tuseme kijiji kimoja kina watu 200 na wagonjwa 10. Kingine kina watu 1,000 na wagonjwa 20. Mwenye haraka atasema ugonjwa umezidi katika kijiji cha pili. Lakini gawanya: cha kwanza kina wagonjwa 5 katika kila watu 100, cha pili wawili tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulitokea hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Haukupita muda mrefu akamwona mwingine kama huyo kule Jinja. Mmoja angeweza kuwa ajabu tu. Wawili walimfanya aulize. Akapeleka picha za ugonjwa huo katika hospitali nyingi za Afrika, na kwa majibu aliyopata akachora ramani. Kisha mwaka 1961 yeye na madaktari wenziwe wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walipanda motokaa kuukuu wakasafiri kiasi cha maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo umeonekana.

Ramani ikasema jambo. Karibu na Ikweta uvimbe ulikuwa haba juu ya futi 5,000, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Penye joto na mvua ndipo ulipokuwapo, na ndipo penye mbu. Basi ikadhaniwa kwamba mbu hubeba virusi vya ugonjwa huo. Virusi viligunduliwa kweli, London, mwaka 1964, na Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong. Lakini hivyo huenezwa kwa mate, na vimeenea dunia nzima. Kazi ya mbu ni kuleta malaria, ambayo hudhoofisha nguvu za mwili wa mtoto za kuvizuia virusi hivyo. Ramani ilikuwa sahihi. Maelezo ya kwanza hayakutosha.

Hapo ndipo elimu hii inapohitajiwa. Je, virusi vilitangulia, au vilizidi baada ya uvimbe kuanza? Kumpima mgonjwa hakujibu swali hilo. Ni lazima damu itolewe kwa watoto walio wazima, kisha watu wangoje. Ndivyo ilivyofanyika wilaya ya West Nile, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa watoto wapatao 42,000. Taarifa ya mwaka 1978 ilieleza kwamba 14 kati yao walikuwa wameugua, na damu yao ya awali ilikuwa na alama nyingi za virusi kuliko ya wenzao. Gawanya tena: ni mtoto mmoja katika kila 3,000. Kama wangepimwa 500 tu, huenda asingepatikana hata mmoja. (Nami hujikumbusha kwamba wale 14 walikuwa watoto wa watu.)

Anayetaka njia hii si lazima awe tabibu. Wauguzi na wanahesabu pia huifuata. Huanza na shahada ya kwanza, ikafuata ya uzamili, kisha miaka mitatu au minne, mara nyingi zaidi, ya kutafuta jibu la swali moja lisilojibiwa bado. Muhimbili na Makerere hufundisha masomo haya. Ada si ndogo, na wengi wetu hutegemea ufadhili.

Kabla ya kutoa tone moja la damu, mpango wa utafiti hukaguliwa na kamati ya maadili, na mzazi husomewa karatasi ya ridhaa kwa lugha anayoielewa. Akikataa, mtoto wake hutibiwa vile vile.