Leaf Iliyochoka: Betri Kwanza, Rangi Baadaye

Swali: Nimepata Nissan Leaf kuukuu, betri imechoka. Mafundi wa hapa Mukuru kwa Reuben wanashauri nitie injini ya petroli. Mimi naitaka ibaki ya umeme, niitunze. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye betri, wala usiitupe. Leaf za kwanza, zilizoingia sokoni Desemba 2010, zina betri ya kilowati-saa 24 yenye moduli 48, ambazo hazizeeki kwa kasi moja kwa sababu betri hiyo haipoozwi kwa maji. Zimeungwa mfululizo, kwa hiyo moja ikilegea huziangusha zote. Pima volteji ya kila moduli gari likiwa limetulia, kisha likivuta mzigo: ile inayoporomoka mapema ndiyo ya kubadilishwa, tena kwa iliyotumika yenye nguvu inayokaribiana na wenzake.

Petroli inaonekana rahisi, lakini itadai tangi, ekzosi na gia ambazo bodi hiyo haikuundiwa, na utakuwa umeua kilicho adimu. Nairobi ilikuwa na teksi za Leaf za kampuni ya NopeaRide kuanzia 2018. Historia hiyo inastahili gari zima. Hoja nzito dhidi ya kubaki na umeme ni hatari yake. Betri ikijaa hukaribia volti 400, hiyo inaua. Fundi wa jua kali akunyooshee bodi na kuondoa kutu, ila asichomelee chuma betri ikiwa ndani. Kuifungua mwachie aliyesomea umeme wa magari, mwenye glavu maalum za volteji kubwa, na plagi ya usalama ikiwa imeshatolewa.